Meza ya poka yenye jakipoti Las Vegas: mkuu, usikae hapo

Mkuu, uliposema umechagua kasino yenye jakipoti nono ili dola 400 zako zipate bahati, nimetokwa jasho. Nilisema hivyo hivyo, na ona nilivyo.

Meza yangu ya dola 1/2 (dau za lazima za kuanzia) ilikuwa hivi: kila poti, yaani pesa zote zilizowekwa kwenye mkono mmoja, kasino inakata 10%, mwisho dola 5. Juu yake dola 2 za jakipoti, ule mfuko unaolipwa mwenye karata kali sana akipigwa na kali zaidi. Ukishinda unamtupia mgawa karata dola 1. Jumla dola 8, na poti nyingi pale hazifiki dola 80. Huyaoni makato kwa sababu yanatoka kwenye ushindi wako, na aliyeshinda hahesabu.

Nilikaa miezi saba, kama saa 600, nabeba poti mbili za maana kila saa. Piga mwenyewe: 600 mara 2 mara 8 ni dola 9,600. Daftari langu linasema nilipata hasara ya dola 5,100. Yaani wachezaji wenzangu niliwafunga dola 4,500! Nikaenda kuzikabidhi kwa mwenye meza, na za kwangu nikaongeza. Mke wangu aliuliza kama pale nimeajiriwa. Nikamwambia mimi ndiye nalipa mishahara.

Aliyeniingiza mkenge ni jamaa wa kwetu, mzoefu wa miaka. "Mdogo wangu, hizo dola mbili ni akiba, zitarudi." Akiba gani hiyo? Kibubu chako, ufunguo kwa jirani!

Na siku ikafika kweli. Nimeshika 9 ya pau na ree. Mezani, kwenye karata za wote, zimelala 9 tatu, ya kopa ikiwemo, pamoja na 10 na J za kopa. Mzee wa mbele yangu akafunua Q na K za kopa: kopa tano mfululizo, zinapiga karata nne zinazofanana. Nimepigwa nikiwa na 9 nne! Nikaruka, nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Msimamizi akaja taratibu, akanyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani: karata nne zinazofanana hazihesabiki kwenye jakipoti mpaka mbili ziwe zimetoka mkononi mwako. Mkononi nilikuwa na 9 moja tu. Poti ya dola 310 ikaondoka, na hiyo hiyo ilikuwa imekatwa dola 2 za jakipoti.

Hata ningeipata, utaratibu wa pale aliyeshindwa anapewa nusu, mshindi robo, inayobaki inagawiwa meza nzima. Wewe unayekuja kutembea kutokea Dar, kodi ya Marekani inachukua 30% ya fungu lako kabla hujaligusa.

Kabla ya kununua chipu muulize msimamizi: mnakata jakipoti? Akisema ndiyo, toka. Zisizokata zipo, nilikuwa nazipita kwa miguu yangu nikifuata ile namba ya jakipoti inayowaka ukutani.

Uliuliza pia karata za kuanzia, sijui na nini kingine, wadau watakujibu. Ila ukipita pale ukamkuta jamaa yetu wa kofia ya kijani, mwambie nataka akiba yangu.