Shangazi, shahada yangu ya Dar imenisaidia nini Toronto?

*Shikamoo Shangazi. Nilikuwa dizaina wa grafiki Dar es Salaam, nina shahada na wateja walinijua. Nilipomfuata mume wangu Toronto, vyeti vyangu vilipitia WES, shirika linalotathmini vyeti vya nje, vikalinganishwa na shahada ya Kanada. Lakini kila ninapoomba kazi ni kimya, sasa napanga mizigo ghalani usiku. Mume wangu anataka nirudi chuo nianze upya. Kazi za Dar nimeziondoa kwenye potifolio, yaani mkusanyo wa kazi ninaowaonyesha waajiri, hasa kadi za harusi, naona aibu. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Hizo kazi za Dar zirudishe leo hii. Hilo limeniuma kuliko hata habari za ghala. Ukiziondoa, mwajiri anamwona mtu ambaye hajawahi kuhudumia mteja.

Tuanze na vyeti. Kazi yako si udaktari; Ontario, mkoa uliko Toronto, haidai leseni ili uifanye. Kipo chama cha madizaina wa grafiki, RGD, kilichotambuliwa kwa sheria ya mkoa huo mwaka 1996, lakini cheo chake ni cha hiari. Tathmini ya WES inasema umesoma kiwango gani, haisemi kama unajua kupanga herufi. Kwa hiyo kulipa ada ya chuo upate shahada uliyo nayo tayari, mimi siafiki.

Kinachokosekana ni maelezo. Chukua kadi moja ya harusi. Mtu wa Toronto hajui kamati ya harusi ni nini, hajui kwamba kadi ya mchango inatoka kwanza na ya mwaliko baadaye, na zote lazima zifanane. Mweleze kwa sentensi tatu nne: kamati ilitaka nini, bajeti ilibana wapi, mchapaji alishindwa rangi gani, ukaamua nini. Hapo ataona akili yako inavyofanya kazi.

Kisha kadi hiyohiyo itengeneze upya kwa mazingira ya huko. Kanada hawatumii A4, wanatumia Letter, inchi 8.5 kwa 11, pana kidogo na fupi zaidi. Weka Kiingereza na Kifaransa, maana vifungashio vya bidhaa huko vinatakiwa kuwa na lugha zote mbili, na Kifaransa kinakula nafasi. Acha pumzi kwenye mpangilio. Tengeneza na toleo la tovuti. Ontario ina sheria ya mwaka 2005, AODA, inayotaka tovuti za mashirika makubwa zisomeke na watu wenye ulemavu, na kipimo kinachofuatwa ni maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1. Dhahabu hafifu juu ya krimu, tunayoipenda sana harusini, haifiki. Onyesha ulivyoirekebisha bila kuua uzuri wake. Ziweke mbili hizo, ya Dar na ya Toronto, ukurasa mmoja.

Mume wako usimwone adui. Anakuona unarudi alfajiri umechoka, anatafuta njia. Kaa naye, mwombe miezi michache ujaribu hivi kabla ya kugusa akiba yenu. Kama lazima usome, chukua kozi fupi ya jioni kwenye jambo usilolijua kweli.

Na kuhusu "uzoefu wa Kanada", yaani sharti la kuwa umewahi kufanya kazi huko: tangu 1 Januari 2026, Ontario inawakataza waajiri wenye wafanyakazi 25 na zaidi kuudai kwenye tangazo la kazi. Ukikutana na tangazo linaloudai, omba hivyohivyo.

Shangazi