Gundi gani ya kitako cha shotgani kilichopasuka?

Swali: Shikamoo fundi. Nina shotgani ya marehemu baba, naimiliki kwa leseni. Kitako kina ufa shingoni, nyuma tu ya kifyatulio. Nimekiunga mara mbili kwa gundi nyeupe ya mbao, lakini nikipiga risasi mbili tatu ufa unafunguka tena. Ninunue gundi gani?

Jibu: Marahaba. Bunduki hiyo huwa unaiegemeza kabatini mtutu ukiwa juu? Wengi hufanya hivyo, na mafuta ya chuma huteremka taratibu hadi mbao ya shingoni ikashiba. Ukiona imekuwa nyeusi karibu na chuma, ndiyo hayo. Gundi haishiki mbao yenye mafuta, iwe ya bei gani.

Fundi wa bunduki mwenye leseni ahakikishe haina risasi, akutolee kitako. Gundi ya zamani ilainishe kwa siki ya uvuguvugu, uisugue kwa mswaki, kisha acha mbao ikauke siku kadhaa. Halafu koroga unga wa chaki na asetoni, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, uwe uji mzito, upake penye ufa. Ukikauka utakuwa umegeuka manjano au kahawia: hayo ni mafuta. Kwangua, paka tena. Kitako kizee nimewahi kukipaka mara sita kabla chaki haijabaki nyeupe. Fanyia nje, mbali na moto. Asetoni hushika moto upesi.

Sasa gundi. Chukua epoksi, gundi ya mirija miwili inayochanganywa, ile inayokauka kwa saa 24. Ile ya dakika tano huganda kabla haijafika ndani ya ufa. Supaglu ikikauka huvunjika kirahisi kwa teke la shotgani, na gundi ya viatu hubaki kama mpira. Hata hiyo nyeupe si mbaya, ila inataka mbao safi zinazokutana barabara; epoksi huziba hata mianya.

Fungua ufa kidogo kwa kabari nyembamba, pasha mbao joto kwa mashine ya kukaushia nywele ili epoksi inywewe, paka epoksi ndani ya ufa, toa kabari, kisha zungushia mpira wa ndani wa baiskeli. Usikaze kupita kiasi, utaikamua yote nje.

Ufa ukiwa umepita upande hadi upande, gundi peke yake haitoshi. Hapo toboa tundu jembamba la kuukata ufa, uzamishe kijiti cha shaba chenye nyuzi za skrubu ndani ya epoksi hiyohiyo. Kabla ya kurudisha kitako, fundi akague kama chuma kinakaa sawasawa kwenye mbao. Kikicheza, kila teke litakuwa linaipasua upya.