Mgombea anagawa viwanja vya Tembe

SWALI: Shikamoo mzee. Huku Kwihara, Tabora, mgombea mmoja anaahidi viwanja kando ya Tembe la Livingstone, ile nyumba ya kale ya yule mmisionari Mskoti. Anasema ardhi ya umma ni yetu sote. Vigingi vimeshapigwa. Tufanyeje? – Mama Shija

JIBU: Marahaba, mama. Ya umma haigawiwi jukwaani! Sheria ya Ardhi ya 1999 inamfanya Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote. Mgombea hata ufunguo wa ofisi hana. Tena Tembe, alimokaa Livingstone 1872 akingoja wapagazi, linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Msing'oe vigingi, mtaishia polisi nyinyi. Vipigeni picha, ukuta wa Tembe uonekane nyuma, kisha mwandikieni mkurugenzi wa manispaa, nakala kwa Idara ya Mambo ya Kale. Nakala yenu igongwe mhuri masijala. Bila mhuri wataapa hawakuipata.



Na akikudai hela ya fomu ya kiwanja, mwombe kwanza namba ya malipo ya serikali.