Kuonja mvinyo Dodoma bila kulewa

Ndugu, nimekuelewa: wewe na mkeo mnatoka Dar kwenda kuonja mvinyo Dodoma, mmezoea ule mtamu tu, na unahofia mtalewa kabla ya glasi ya mwisho.

Piga simu kiwandani kwanza, maana si vyote vinavyopokea wageni. Mle mshibe, na maji yawe karibu.

Mpangilio ndio wenye kazi kubwa. Anzeni na mweupe usio na sukari, kisha mwekundu, mtamu uwe wa mwisho kabisa. Mimi mara ya kwanza nilianza na mtamu, na kila kilichofuata nikakiona kichungu kama dawa. Utamu hukaa ulimini. Ule mwekundu wa zabibu za Makutupora, aina inayolimwa huko Dodoma, utawaacha na ukakasi mdomoni. Msidhani umeharibika! Ukakasi huo hutoka kwenye maganda na mbegu. Uonjeni tena pamoja na nyama choma, mtaona unavyolainika. Binafsi ndio ninaoupenda kuliko yote.

Onja funda dogo, lizungushe mdomoni, kisha litemee kwenye chombo. Kwa waonjaji hilo si utovu wa adabu.

Gari liacheni Dar, pandeni treni ya SGR. Kama mmoja wenu anatumia dawa, hasa za kisukari au presha, amuulize daktari kwanza. Shemeji akiwa mjamzito, asionje hata tone.

Chupa mtakazonunua msiziache juani; joto huharibu mvinyo upesi.