Panga wiki ya mwanafunzi kabla ya kurekodi mhadhara

Vyuo vikuu vilipofungwa nchini Tanzania mwezi Machi 2020, nilianza kurekodi mihadhara yangu ya Mbinu za Utafiti nikiwa nyumbani, na mwaka uliofuata kozi hiyo ikafunguliwa mtandaoni kwa wanafunzi walio kazini, wengi wao walimu wa sekondari. Nilikuwa nimefanya kazi kubwa na kwa moyo wote: kila wiki mhadhara wa saa mbili, kwa wiki 15. Wiki ya tatu ilipoanza, mwanafunzi mmoja anayefundisha mkoani Kigoma akaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Samahani, mhadhara wa wiki ya pili umemaliza bando langu la wiki nzima na bado sijafika nusu. Naomba kujua sehemu ipi ni ya lazima."

Suala la bando lilinisikitisha, kwa kuwa saa mbili za video ya megabiti 1 kwa sekunde hufikia takribani megabaiti 900, nami sikuwa nimepiga hesabu hiyo. Lakini lililoninyima usingizi ni lile ombi la mwisho. Nilifungua mhadhara wangu nikausikiliza wote, nikashindwa kumjibu, kwa sababu sikuwa nimewahi kuamua mwanafunzi afanye nini kwa yale niliyokuwa ninayasema. Darasani udhaifu huo hufichika, maana mwalimu husoma nyuso za wanafunzi, husimama, huuliza swali, hurudia. Mtandaoni hakuna wa kukuonyesha uso wa mashaka, kwa hiyo uamuzi ambao darasani ungeufanya papo hapo lazima uwe umeufanya mapema.

Tangu hapo, ninapoandaa kozi, naanza na saa za mwanafunzi. Katika vyuo vikuu vya Tanzania krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, hivyo kozi ya krediti 12 ni saa 120, yaani saa 8 kwa wiki katika muhula wa wiki 15. Ninachukua karatasi moja kwa kila wiki na kuzigawa saa hizo nane: mbili za kusoma, moja ya kusikiliza na kutazama, tatu za kazi ya vitendo, moja ya majadiliano, na moja ya kujipima na kurudia. Mgawanyo huu unaweza kubadilika, ila jumla yake haibadiliki, na ninapotaka kuongeza makala nzuri niliyoipata juzi, sharti niseme nimeondoa nini. Mwalimu anayefundisha vipindi sita kwa siku, kisha akasahihisha madaftari usiku, hana saa ya tisa ya kutupa.

Baada ya saa, naandika kile ambacho mwanafunzi ataweza kukifanya wiki ikiisha. Hapa nimenufaika sana na hoja aliyoitoa mtaalamu wa elimu John Biggs mwaka 1996 kwamba matokeo yanayokusudiwa, shughuli za kujifunza na upimaji vinapaswa kuelekea mahali pamoja. Chukua wiki ya uteuzi wa sampuli, yaani kuchagua wachache watakaowakilisha wengi. Ukiandika kwamba mwanafunzi "ataelewa uteuzi wa sampuli", hujajua umpe kazi gani wala umpime vipi. Ukiandika kwamba "atachagua sampuli kutoka orodha halisi na kueleza kasoro zake", kazi na kipimo vimekwisha kujitokeza vyenyewe.

Niieleze wiki hiyo jinsi ilivyo sasa. Mwanafunzi anaambiwa atafute orodha halisi ya watu au vitu kazini kwake, yenye majina 60 au zaidi. Anachukua 20 wa kwanza, kisha anachagua wengine 20 kwa bahati nasibu, kwa vikaratasi au kwa kikokotoo. Analinganisha makundi hayo mawili kwa sifa moja anayoweza kuihesabu, halafu anaandika aya mbili. Mwalimu mmoja alitumia daftari la mahudhurio la kidato cha tatu shuleni kwake, ambamo wasichana wote huandikwa kwanza na wavulana hufuata. Ishirini wake wa kwanza wote walikuwa wasichana, na katika ishirini wa bahati nasibu walikuwamo wavulana kumi na mmoja. Aliandika kwamba kila mara alipotaka maoni ya darasa alikuwa akiita majina kuanzia juu ya orodha, na kwamba sasa anajua kwa nini malalamiko ya wavulana yalikuwa yakimfikia yakiwa yamechelewa. Aya yake ilinithibitishia kwamba dhana imeingia, na sikuhitaji mtihani kuniambia hivyo. Kazi ya namna hii ina faida nyingine isiyo ndogo: ni vigumu kuinakili kwa mwenzako au kuiagiza kutoka kwa programu ya akili mnemba, kwa kuwa daftari ni lako na hesabu ni yako.

Video bado ninazo, ila fupi. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya kutazama video katika kozi nne za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakaona kwamba muda wa kati (median) wa watu kuendelea kutazama haukuzidi dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Naomba tu matokeo hayo yasichukuliwe kuwa ruhusa ya kuukatakata mhadhara wa zamani vipande kumi na viwili na kuviita kozi. Kila video yangu inajibu swali moja ambalo mwanafunzi atakutana nalo katika kazi ya wiki hiyo, na ikiwa hakuna cha kuona, kama mchoro au jedwali, narekodi sauti peke yake. Dakika 10 za sauti kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni megabaiti 2.4, na maneno yanasikika vizuri kabisa. Programu ya simu ya Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, nayo humruhusu mwanafunzi kupakua maudhui akiwa na mtandao na kuyatumia baadaye bila mtandao, jambo ambalo wengi hawalijui mpaka waonyeshwe.

Majadiliano ndiyo yaliyonichukua miaka mingi zaidi kuyapatia. "Karibuni mjadili mada ya wiki" haizai kitu. Wawili wanaandika, waliobaki wanasema wanakubaliana. Niliwagawa wanafunzi katika makundi ya watu 12, kila mmoja akaleta mfano wake na kumwuliza mwenzake mmoja swali, nami nikaruhusu jambo lililozua mabishano katika idara yetu: wajadiliane kwa Kiswahili, hata kwa ujumbe wa sauti, kisha waandike kazi yao kwa Kiingereza kama kanuni zinavyotaka. Nalitetea hili bila kusita. Watu wanaobishana kwa Kiswahili katika ofisi ya walimu kuhusu kwa nini takwimu za shule zinadanganya, wakilazimishwa kubishana kwa Kiingereza jukwaani, hunyamaza, na ukimya wao tunauhesabu kuwa uvivu.

Mrejesho nao unahitaji kupangwa kama kazi nyingine. Najiwekea siku tano, kwa sababu mrejesho unaofika baada ya kazi inayofuata kukusanywa haumsaidii mtu, na kwa kundi kubwa nasahihisha sampuli ya kazi, kisha natuma ujumbe wa sauti kwa wote kuhusu makosa matatu yaliyojirudia. Tarehe za kukusanya kazi ziwe siku ileile kila wiki. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Kabla ya muhula kuanza, namwomba mwenzangu wa idara nyingine aipitie wiki ya kwanza yote kwa simu ya kawaida, akitumia bando lake ambalo namrudishia, bila kuniuliza kitu. Ninakaa karibu yake na kuandika kila anaposita. Mara ya mwisho alisita mahali pamoja: maelekezo ya kazi yalikuwa ndani ya faili lenye safu mbili, na kila sentensi ilimlazimu kuvuta ukurasa kushoto na kulia. Jioni hiyohiyo niliyaandika upya maelekezo yote kama maandishi ya kawaida kwenye ukurasa wa wiki, na faili lile nikaliondoa.