Maswali ya Wasomaji: Mbona Black Princesses hawavuki makundi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mie mpenzi wa soka la kina dada, naomba kuuliza, Ghana U20 (wasichana wa chini ya miaka 20) yaani Black Princesses tangu 2010 Kombe la Dunia wanaenda sana ila wanaishia makundi tu, wakati wadogo zao wa U17, Black Maidens, walishabeba medali. Inakuwaje? Ni uoga au?

JIBU: Salama ndugu yetu. Uoga hapana aisee. 2014 kule Canada walimfunga mwenyeji 1-0 gemu ya kwanza kabisa, wakaipiga na Finland 2-1, ila Korea Kaskazini ikawachapa 3-0 na hizo tatu ndo zikawamaliza, maana timu tatu zilifikisha pointi 6 na wao wakatolewa kwa tofauti ya magoli. Pointi 6 halafu unapanda ndege kurudi Accra! Na droo nayo haiwapendi, 2012 walipangwa na Marekani na Ujerumani, hao hao wawili wakaja kukutana fainali, 2022 wakapewa Marekani, Japan na Uholanzi kwa mpigo wakatoka bila pointi hata moja.

Black Maidens kweli wana shaba ya 2012 Azerbaijan, walimfunga Mjerumani 1-0, na baada ya hapo robo fainali tatu mfululizo, ile ya 2018, Mexico akawatoa kwa matuta japo Mukarama Abdulai alimaliza mfungaji bora na magoli yake 7. Kwa mtazamo wangu umri ule kipaji na mbio vinatosha kabisa, ila ukifika miaka 19, 20 unakutana na wasichana ambao tayari wanacheza klabu za kulipwa Ulaya au timu za vyuo Marekani, hapo pengo linaonekana.

Sasa usije ukadhani nawatetea tu. Falconets, U20 ya Nigeria, wa Afrika Magharibi hiyo hiyo, wamecheza fainali 2010 na 2014. Na 2024 kule Colombia timu ziliongezwa kutoka 16 hadi 24, mpaka washindwa bora wa nafasi ya tatu wanapita, bado Ghana wakafungwa na Austria 2-1 wakatoka, na hawa Ghana ndo wale wale waliompiga Nigeria 2-1 fainali ya Michezo ya Afrika Machi mwaka huo huo. Hiyo ya Austria mimi sina cha kuwatetea.