Nyumba ya Ngamiani ithaminiwe vipi wanandoa wakiachana?

SWALI: Mthamini, assalaam aleikum. Nimeachwa baada ya miaka 17 ya ndoa na shauri letu liko mahakamani. Kiwanja chetu hapa Ngamiani, Tanga, mume wangu alikuwa nacho kabla hajanioa, kikiwa na banda la vyumba viwili. Tuliobomoa banda na kujenga nyumba ya vyumba sita yenye fremu mbili za duka ni sisi sote. Sasa ananionyesha ripoti ya uthamini ya miaka miwili iliyopita, alipokopa benki, inayosema shilingi milioni 42. Je, ndiyo tugawane kwa hiyo?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Hulazimiki kuikubali. Kabla ya kubishana na tarakimu, soma kwanza ukurasa unaoeleza ripoti iliandaliwa kwa madhumuni gani. Ripoti ya mkopo kwa kawaida huwa na bei mbili: bei ya soko, na bei ya kuuza kwa haraka, ambayo benki huitaka ili ijue itaokoa kiasi gani mkopaji akishindwa kulipa. Hiyo ya pili daima huwa chini, na nimeshaona watu wakiikunja karatasi ili ionekane hiyo tarakimu ndogo peke yake. Katika mgawanyo wa mali, kinachofaa ni bei ya soko ya sasa.

Pendekeza mthamini mmoja mtakayekubaliana, na gharama mchangie. Awe amesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Dalali wa mtaani, hata awe anajua kila nyumba iliyouzwa Ngamiani, si mthamini. Mkishindwa kukubaliana, kila mmoja anaweza kuleta wake, na mahakama itapima ripoti zote mbili.

Fremu zako ndizo ningezitazama kwa makini zaidi. Vyumba vya kuishi tunavilinganisha na nyumba za jirani zilizouzwa karibuni, lakini fremu inayoingiza kodi kila mwezi huthaminiwa pia kwa mapato yake; kwa hiyo tafuta mikataba ya wapangaji na risiti. Mthamini akihesabu matofali na bati peke yake, kisha akatoa uchakavu (na upepo wa chumvi wa hapa kwetu hula bati na nondo upesi), fremu itaonekana kama stoo.

Kuhusu kiwanja, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inahesabu pia mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa iwapo imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za pamoja. Kwa sababu hiyo, omba ripoti itenganishe thamani ya ardhi na ya majengo. Na kama hukuwa na mshahara, usikate tamaa: tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani zinatambuliwa kuwa mchango. Fungu la kila mmoja, hata hivyo, hupangwa na hakimu. Sisi tunaishia kwenye thamani.

Siku ya ukaguzi uwepo mwenyewe, ufungue kila mlango mpaka wa choo cha uani. Chumba kilichofungwa hatuwezi kukikagua.